Fundo la Mbeleko

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa kike alikuja kutoka Nairobi na mtoto wake, na mtoto huyo hakuja mgongoni wala mikononi. Alikuja amepachikwa kifuani kwa mamake ndani ya kitu cha mikanda mipana na sponji, mfano wa tandiko la punda. Nikauliza, "Hiki ni nini tena?" Akacheka. "Mbeleko ya kisasa, Bibi. Tazama." Akapeleka mkono mgongoni, akabonyeza kifungo, tak! Akabonyeza cha pili, tak! Mtoto akamteremkia mikononi, laini, kama samaki kwenye karai. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa. Kikanitoka, kikavunjika sakafuni, na nikasikia ukelele, nisijue kwanza kuwa ni wangu: "Usifungue!"

Wote nyumbani wakatazamana kwa lile jicho la kusema, Bibi naye ameanza. Sikuanza chochote. Akili yangu iko pale pale. Nimezaa tisa, nimelea tisa, na wajukuu sitaki kuwahesabu wasije wakaingiwa na jicho baya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuanguka kutoka mgongoni kwangu. Nani kati yao anaweza kusema hivyo? Lakini mlio ule wa tak ulinipiga pahali, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nasema nilitoe lililo moyoni.

Nyinyi wa rika langu mnajua. Siku zetu mtoto wa kike akishaota meno ya mbele ya ukubwa, mgongo wake si wake tena. Unawekewa mdogo wako, leso inazungushwa, fundo kifuani, haya, nenda. Unacheza kombolela naye, unateka maji naye, unakwenda chuoni kusoma Kurani naye na mwalimu akikupiga kikoto anakwepesha asimguse mtoto. Mimi wangu alikuwa Zuhura, dada yangu wa pekee. Alikuwa na mwaka na miezi kadhaa, ameshajua kutembea, lakini akiniona mimi miguu yake inakufa papo hapo, anataka mgongo. Alinitafuna bega. Alininyea. Nilikuwa na alama ya jasho lake hapa katikati ya mabega, na wenzangu wakinitania: "We una kibyongo chenye meno!"

Tulikaa Shela, kijiji cha pwani jirani na mji wa Amu. Baba alikuwa mkata boriti. Alirudi kutoka mikokoni na homa, siku ya nne tukamzika, na mama akaingia edani. Miezi minne na siku kumi. Aliwekwa chumba cha ndani, hana wanja, hana mafuta mazuri, hana leso ya rangi, na kizingiti cha mlango wa nje kikawa kama ukingo wa dunia. Mlinzi wa kizingiti hicho alikuwa jirani yetu Bi Maimuna, mtu mzima mwenye matende, mguu mmoja mnene kama kinu. Alikuwa akijikokota kila asubuhi na sahani ya mkate wa mofa, anakaa barazani kwetu, na mtu akimwamkia anajibu kwa sauti ya kusikika chumba cha ndani: "Mjane wangu yuko, alhamdulillahi. Hakanyagi nje hata kwa kivuli." Alisema kwa mapenzi. Huyo bibi alitulisha. Lakini nilipokuwa mtoto nilifikiri yeye ndiye aliyemwua baba na sasa anamfuga mama.

Mama alikuwa bado ananyonyesha. Siku jeneza lilipotoka mlangoni maziwa yakakatika. Zuhura akawa wangu mchana kutwa, namlisha uji kwa kidole.

Kisha ikaja shurua. Iliingia Shela nyumba kwa nyumba, na ilipofika kwetu ilimkuta Zuhura hana kitu mwilini cha kupigana nayo. Siku ya kwanza macho mekundu. Siku ya tatu vipele mpaka ndani ya masikio. Bi Maimuna akasema shurua haipelekwi kwa daktari, shurua hutoka yenyewe, ukiichokoza inarudi ndani ikaua. Tukangoja itoke. Ikatoka kwa chini: tumbo likamwenda, kutwa kucha, maji matupu. Midomo ikafanya magamba. Siku ya tano alikuwa halii tena. Mnajua wenyewe mtoto anayelia ana nafuu. Alikuwa ananitazama tu, na utosi wake ulikuwa umebonyea hata ungeweza kuweka humo kokwa ya kungu.

Asubuhi hiyo mama alikuja mpaka ukumbini, akasimama hatua mbili kutoka kizingitini. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya kuku.

"Bi Maimuna," akasema, "mwanangu afa."

"Usiseme hivyo."

"Afa, nakwambia. Nataka kumpeleka Amu kwa dada yangu, ampeleke spitali."

"Nani ampeleke? Wewe?" Bi Maimuna akauweka ule mguu wake kizingitini, sijui kwa makusudi au kwa kuchoka. "Mume hajakauka kaburini, uende ndiani, njia nzima waume wakutazame? Na Mungu je?"

"Basi nitafutie mtu."

Walitafuta. Wanawake wenye watoto hawakutaka kuigusa shurua, na sasa nimezaa siwalaumu. Wanaume walikuwa makazini, na mashua ya pekee iliyobaki ufukweni ilikuwa imelazwa ubavu, fundi anaipiga kalafati, huwezi kuishusha majini ikiwa nusu. Bi Maimuna mwenyewe hafiki hata msikitini. Nikawaona wote wawili wananigeukia mimi, polepole, na nikajua kabla hawajasema.

Mama alifungua kasha akatoa leso yake nzuri kuliko zote, ile asiyoruhusiwa kuivaa. Nyekundu na nyeusi. Ilikuwa na jina, ule msemo wa leso, limeandikwa, silijui mpaka leo kwa sababu sikujua kusoma na haikudumu mpaka nijue. Akaniinamisha, akamweka Zuhura mgongoni, akazungusha leso chini ya makwapa, akavuta, akavuta tena mpaka pumzi ikanikata, akapiga fundo hapa juu ya kifua. Fundo mbili. Kisha akalishika fundo lile kwa mikono miwili, akasoma, midomo yamwenda, nami nahesabu machozi yakidondoka juu ya vidole vyake. Alipomaliza akalipulizia. Mara tatu.

"Usilifungue ndiani," akaniambia. "Usilifungue hata ufike Amu kwa mamkuu wako. Wasikia? Hata mtu akikwambia."

Sasa nisikilizeni. Kule chuoni mwalimu alitwambia wako watu wakisoma wakapulizia fundo, fundo lashika roho ya mtu, na likifunguliwa roho yatoka. Alikuwa anatuonya na wachawi. Mimi sikuona uchawi. Niliona mama yangu, kwa macho yangu, ameifunga roho ya Zuhura ndani ya lile fundo isitoke, na amenipa mimi nichukue. Ndiyo maana hakuweza kwenda mwenyewe, nikafikiri: amebaki nyuma aombe dua, na mimi ndiye mwenye fundo.

Nilitoka mbio. Mama alikuwa hajaiona bahari kwa zaidi ya mwezi. Mtu aliye ndani hajui maji yanajaa saa ngapi. Kama angejua asingenituma saa ile. Mnaijua ile njia ya pwani ya Shela kwenda Amu. Maji yakipwa ni mchanga mgumu, mtoto anapita anaimba. Yakijaa yanakuja mpaka kwenye kuta na mizizi ya mikoko, hakuna njia. Nilipopita nyumba za mwisho maji yalikuwa yanalamba vidole. Nikasema ni kidogo. Mbele yakafika magotini. Nikatazama nyuma, pale nilipotoka hapana mchanga tena.

Kurudi sikurudi. Kwani ningerudi kwa nani? Nilishika ukuta kwa mkono mmoja na fundo kwa mkono mwingine. Maji yakanifika mapajani, yakanifika kiunoni, na kila wimbi likija nasimama kwa vidole. Miguu ya Zuhura ilikuwa inaelea ubavuni kwangu kama ya mtoto wa bandia. Nikamwita. "Zuhura! Zuhura we!" Huwezi kumwona uliyemweleka. Mtu hana macho kisogoni. Nilichokuwa nacho ni lile shavu lake lililolala katikati ya mabega yangu, moto wa homa, pahali pa ukubwa wa kiganja. Moto ule ndio ulioniambia yupo. Nikawa nausikiliza moto. Kisha wimbi moja likanipiga kifuani, likapanda mpaka mgongoni, na pale palipokuwa na moto pakawa baridi.

Nikangoja pawake tena. Hapakuwaka.

Sijawahi kumwambia mtu nilichofanya hapo. Nililia, lakini si kwa ajili yake. Nililia kwa sababu nilikuwa na hakika amekufa na bado yuko mgongoni, na nikatamani kulifungua fundo aende na maji, nami niwe mwepesi. Nilitamani. Mkono wangu ulikuwa pale pale juu ya fundo. Kisha nikaona aibu mbele ya yule mama yangu aliyenitazama kutoka ukumbini, nikaung'ata mkono wangu mwenyewe, nikaenda.

Nilitokea penye mteremko wa mashamba, njia inapopanda kidogo kabla ya mji. Pana kisima hapo. Mwanamke mmoja alikuwa anateka maji, pande la mtu, buibui amelitupa begani kwa kuwa hapakuwa na mwanamume karibu. Aliponiona aliiacha kamba ndoo ikatumbukia.

"Yallah! We mtoto watoka baharini? Na huyo mgongoni ana nini? Mato yamemgeuka meupe tupu!"

"Amelala," nikasema.

"Halali hivyo mtu. Ndoo hapa," akaniita kwa mkono, "ndoo nimfungue nimpe mai."

"Hapana!"

"Mai tu, mwanangu, si sumu."

Akanishika bega, mkono mwingine ukaja kwenye fundo. Nikamuuma. Nilimuuma mpaka nikaonja chumvi.

"Meniuma! Wallahi meniuma!" Akautikisa mkono. "Mtoto wa nani wewe, wa paka? Mamako hakupi chakula?"

Nikakimbia. Nikamsikia anakuja nyuma, anahema, anatukana, viatu vyake vya mti ko-ko-ko kwenye mawe. "Simama, kipaka we! Simama nakwambia! Nikikukamata nitakuchinja nikugawe sadaka!" Nilikimbia kadiri ya mtoto aliyelowa na mwenye mzigo, yaani sikukimbia, nilijikokota. Hakunikamata. Nilishangaa sana kwa nini hanikamati, mtu mwenye miguu mirefu vile. Alibaki hatua moja nyuma yangu njia nzima, na mimi nasikia pumzi yake kisogoni na matone ya baridi yananidondokea shingoni, nikadhani ni jasho lake. Tukaingia mitaani hivyo. Watu kwenye mabaraza wakanyanyuka. Mwenye punda akamvuta punda wake ukutani tupite. Mimi nimekaza fundo kwa mikono miwili, sioni mtu.

Mamkuu, dada mkubwa wa mama, aliufungua mlango, akaona, hakuuliza. Alinivuta ndani akaanza na fundo. Lilikuwa limelowa maji ya chumvi, limevimba, limekuwa jiwe. Alivuta kwa kucha, akavuta kwa meno. Nami nimefika, ruhusa ipo, mama alisema mpaka kwa mamkuu, lakini nilikuwa nalikaza kwa ndani, naapa, kwa misuli ya kifua. Mamkuu akasema, "Leteni kisu."

Kusikia kisu nikaanza kupiga kelele. "Usikate! Atakufa! Mamkuu, roho yake imo! Imo humo!" Watatu walinishika. Nakumbuka ubaridi wa bapa la kisu kifuani, na mlio wa leso ikichanika, na mzigo ukinitoka. Nikafumba macho. Nilijua nikifumbua nitamwona maiti niliyemwua mimi.

Nikasikia sauti ya yule mwanamke wa kisimani, amejiegemeza mlangoni, hana pumzi. "Yu hai. Msimlilie. Tangu kisimani ameza. Nimemhesabu."

Nikafumbua macho. Alikuwa ameshika ncha ya leso yake, inachuruzika maji. Ameichovya mtungini mwake pale kisimani, na njia nzima alikuwa akitembea nyuma yangu anamkamulia Zuhura mdomoni, tone, tone, huku ananitukana ili nizidi kwenda, nisigeuke. Mkono wake ulikuwa na meno yangu, yote ya mbele, juu na chini.

"Kipaka hiki hakikutaka nifungue," akamwambia mamkuu. "Ningefanyaje?"

Tukamkimbiza hospitali, na dresa, mganga msaidizi wa pale, alisema tungechelewa saa moja tusingeulizana hali yake. Aliagiza Zuhura anyweshwe maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, usiku na mchana. Siku mbili hakuna aliyejua ataangukia upande upi. Mimi nilikaa chini ya kitanda kama paka kweli, nimeshika kipande cha leso chenye fundo. Hakuna aliyeweza kunitoa.

Na siku ya pili ndipo mume wa mamkuu, mtu wa dini, mtaratibu, hanyanyui sauti, alipoinama chini ya kitanda akaniuliza, "Na mamako je? Mbona hakuja?"

"Yuko edani, Bwana."

Akakaa chini pale pale sakafuni na kanzu yake nyeupe. "Nani amwambiye mamako kuwa mwenye dharura hatoki? Mwanawe afa, na jua liko juu, asitoke? Eda si pingu, mwanangu. Angejisitiri akaya naye mpaka hapa, na jioni akarudi kwake. Hapana dhambi." Akaniwekea mkono kichwani. "Hapana dhambi yoyote."

Akatuma mtu Shela saa ile ile. Mama alifika kabla ya adhuhuri, kwa miguu, maji yamepwa, mchanga mkavu. Amejifunika, macho tu. Alisimama mlangoni pa wodi asiingie, kama bado pana mguu wa Bi Maimuna kizingitini. Akamtazama Zuhura, ambaye alikuwa amefumbua jicho moja. Akanitazama mimi. Niliutoa mkono wangu chini ya kitanda nikamwonyesha lile fundo, kwamba sikulifungua, wamelikata wao.

"Kumbe naliweza kuya naye," mama akasema.

Hakusema zaidi. Hakusema siku ile wala miaka yote iliyofuata, na mimi sikuuliza. Nilipozaa wa kwanza, siku moja namfunga mgongoni kwa msichana wa jirani, nikajisikia namwambia yule msichana, "Usilifungue ndiani, hutaweza kulifunga tena peke yako." Ndiyo hayo tu. Ndilo jambo lote mama alilotaka kuniambia. Mtoto hawezi kumweleka mtoto bila mtu mzima wa kumwekea. Ningemfungua Zuhura kisimani ningembeba mikononi na nisingefika. Lile la kupulizia lilikuwa dua, kama tunavyoombea chakula. Na mimi kwa ajili ya hilo nimeuma mtu, nimemnyima mgonjwa maji. Na mama kwa ajili ya mguu wa jirani amemtia mwanawe baharini. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa watiifu, na utiifu ule ulitaka kutuzikia mtoto.

Zuhura yuko hai mpaka leo, msimhurumie. Ana wajukuu wengi kuliko mimi na mdomo kuliko mimi, na ukimweleza habari hii anasema nimeongeza chumvi.

Lakini alipoposwa, mnajua desturi yetu: upande wa mume walileta kilemba cha wazee, wakaleta mkaja kwa tumbo lililomzaa, wakaleta na mbeleko ya mama wa biarusi, kwa mgongo uliomlea. Wanawake wamejaa ukumbini, vigelegele, ubani, na somo wake aliyemfunda akainyanyua ile leso mpya juu kila mtu aione, kisha akamwekea mama mapajani. Mimi nilikuwa upande wa jikoni napakua pilau. Mama hakuivaa. Aliinuka nayo, mzee tayari, akapita katikati ya wageni, wanampisha wakidhani anakwenda kuiweka kashani.

Alikuja mpaka nilipo, mikono yangu ina mafuta. "Inama," akasema. Nikainama kama siku ile. Akaizungusha mgongoni, akaivuta chini ya makwapa, akapiga fundo hapa juu ya kifua. Fundo mbili. Alilishika kwa mikono miwili, akafungua mdomo kama anataka kulipulizia, akaacha.

Sikulia mbele ya watu, mimi si mtu wa hivyo. Nilipakua pilau mpaka mwisho na mbeleko ikiwa imenibana kifua, na nikalala nayo. Alfajiri nikakaa kitandani, nikalifungua mwenyewe, kwa mkono wangu, taratibu, fundo la kwanza na la pili. Na hakuna aliyekufa.